Taya za Waairishi, Sura ya Mwanamboka

Kwa miaka thelathini na miwili Fawziya binti Harub alifundisha watu kuchora nyuso, na katika miaka yote hiyo hakupata kumwomba mtu radhi kwa kazi yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukata, na wanafunzi wa chuo alichofundisha kule Nizwa walimwogopa na kumpenda kwa kiasi kilekile. Jumapili mpaka Alkhamisi alikaa Nizwa, katika fleti ndogo nyuma ya maduka ya tende. Alkhamisi baada ya sala ya adhuhuri hupakia makaratasi yake garini, akashika njia ya Sinaw, na laasiri ikamkuta Ibra, nyumbani kwa mama yake.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Bi Zuleha, mama yake, kiharusi kilimwacha na akili zake timamu lakini miguu imekufa. Hood, mtoto wa kaka yake marehemu, alikuwa na miaka ishirini na minne na alilelewa humo tangu hajaanza kutambaa. Na Mwanamboka, mwanamke wa Wete, Pemba, alikuwa mwaka wa nne sasa akimtazama Bi Zuleha: akimuogesha, akimlisha, akimsukuma kwenye kigari mpaka barazani, na kubishana naye kutwa namna ya kupika bokoboko la ngano na nyama. Fawziya ndiye aliyemleta. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye karatasi za udhamini.

Fawziya mwenyewe alizaliwa Unguja, Malindi, akaingia Oman mwaka 1974, ana miaka tisa, hajui Kiarabu ila cha msahafuni. Skuli ya Ibra ilimpokea kwa kicheko. Akitamka neno, watoto wa kike wakilirudia nyuma yake huku wamebenua midomo, wakimwita Zinjibariya, yaani Mzanzibari, wakimsindikiza hivyo mpaka mlangoni kwao. Hakulia. Alijifunza Kiarabu kwa hasira, na mwaka wa pili akawa wa kwanza darasani.

Serikali ikampeleka Dublin kusomea uchoraji na uchapaji. Huko, maktabani, alikuta majalada makubwa ya magazeti ya vichekesho ya London, ya karne ya kumi na tisa, akafungua moja kwa udadisi tu. Ndani mlikuwa na Waairishi. Wakati ule Ayalandi ilikuwa chini ya Mwingereza, na kulikuwa na watu waliotaka kumtoa kwa nguvu, waliojiita Wafeniani. Mwaka 1866, mamia ya Waairishi waliohamia Amerika, wengi wao askari waliokwisha kupigana vita vya huko, walivuka mto wa mpakani wakaingia Kanada, ardhi ya Mwingereza, wakidhani wakiishika Kanada watabadilishana nayo kwa uhuru wa kwao. Walipigana siku mbili tatu, wakarudi walikotoka. Mambo yakaishia hapo. Lakini wachoraji hawakuishia hapo. Kurasa kwa kurasa Fawziya aliona Mwairishi aliyechorwa na paji la uso lililobonyea, pua iliyokandamizwa, na taya lililotokeza mbele kama la nyani, pipa la baruti kwapani, akiruka mpaka huku amevaa kofia ya mtu.

Alizitoa nakala, akazitandaza mezani chumbani kwake. Mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na kitu, aliingia na chai akaziona. Alizilaza kifudifudi moja moja, kisha akaweka chai juu yake.

"Babu yangu alikuwa fundi viatu," alisema. "Alikuwa na uso mzuri."

Fawziya alirudi Oman na nakala zile, na somo lake la kila mwaka likawa hilo. Aliwaambia wanafunzi: "Msiangalie bunduki. Bunduki mtu anaweza kuiweka chini. Angalieni taya. Taya hawezi kuliweka chini." Kisha hushika chaki, akawaonesha hatua kwa hatua namna ilivyofanywa: vuta paji nyuma, sukuma taya mbele, inua mdomo wa juu, na mchoro wote uwe kwa mstari mmoja kutoka sikioni mpaka kidevuni, usinyanyue mkono. "Hivi ndivyo mtu anavyofanywa mnyama," akisema. "Na anayetazama anacheka kabla hajafikiri. Mkijua linavyofanywa, hamtalifanya." Alisadiki hivyo kwa dhati. Hood naye alipita darasa hilo, akikaa mstari wa mbele, na hakukuwa na mwanafunzi mwenye mkono mwepesi kama wake.

Mwaka 2023 chuo kilimkubalia maonyesho. Picha kumi na mbili za Waairishi na mpaka wa Kanada, zimekuzwa, zitundikwe ukumbini mwezi wa Novemba. Alkhamisi moja ya Oktoba alifika Ibra na picha zile garini, zimekunjwa ndani ya bomba la plastiki, moyo umemjaa furaha ya mtu aliyesubiri jambo muda mrefu. Mwanamboka alimfungulia mlango.

"Shikamoo," alisema, akapita jikoni bila ya kungoja marahaba.

Asubuhi ya Ijumaa, Bi Zuleha alipokwisha kuogeshwa na kulazwa, Mwanamboka alikuja akaiweka simu yake mezani mbele ya Fawziya.

"Bi Fawziya, hebu nisomee hii. Kiarabu changu hakifiki."

Lilikuwa tangazo la ofisi moja ya kuleta watumishi wa nyumbani, hapo hapo Ibra. Katikati palichorwa mwanamke mweusi anaruka uzio wa mpakani, godoro mgongoni, sufuria ya umeme ya wali kwapani. Paji limebonyea, mdomo umeinuliwa, taya limetokeza kama la nyani. Chini ya jicho la kushoto palikuwa na alama nyeusi. Meno ya mbele yalikuwa na mwanya. Kichwani alifunga kanga ya manjano, fundo ubavuni, vile alivyofunga mwanamke aliyesimama mbele ya Fawziya wakati ule.

Fawziya aliikuza picha kwa vidole viwili. Aliufuata ule mstari kutoka sikioni mpaka kidevuni. Haukukatika mahali. "Mkono huu…" alinong'ona, akaikuza tena.

"Imeandikwa nini?" Mwanamboka akauliza.

Alitaka kusema uongo. Alishindwa. "Imeandikwa, yako ikitoroka, tunakuletea nyengine."

"Nyengine nini?"

"Mtumishi. Mtumishi mwengine."

"Imeandikwa mtumishi?"

"Haikuandikwa."

Mwanamboka aliichukua simu yake, akaifuta kioo kwa ncha ya kanga. "Nimeletewa na shoga yangu wa Sur. Kaniuliza, mwenzangu, umetoroka lini? Wote walio Sur wanayo. Na wa Ras al Hadd wanayo." Akasimama kidogo, kama anayengoja jambo. Fawziya alikuwa keshainuka, anaelekea majlisi, chumba cha wageni, kwa hatua kubwa.

Hood alikuwa ameketi chini, kompyuta mapajani. Alipomwona shangazi yake alitabasamu.

"Shikamoo shangazi. Umeona picha yangu? Imefika mpaka Sohar!"

"Umemchora Mwanamboka."

"Yaani, mimi nilitaka sura tu. Yeye yuko hapa kila siku. Mzaha bas, shangazi. Yeye mwenyewe akiona, wallahi atacheka."

"Ameshaona."

"Amecheka?"

Fawziya akapaza sauti. "Huyu amekupikia miaka minne. Ulipougua homa nani alikaa na wewe? Unamtia taya la nyani, unamtandaza kwenye simu za watu wamcheke! Umejifunza wapi ushenzi huu?"

"Kwako," alisema Hood. Hakulisema kwa ujeuri. Alilisema kama anayejibu suali la mtihani. "Wewe ulinifundisha. Ulisema taya hii inafanya mtu anacheka kabla hajafikiri. Mimi nikafanya vile vile. Na watu wakacheka."

Fawziya hakumpiga. Baadaye alijuta kwamba hakumpiga, kisha akajuta kwamba alijuta. Aliifunga kompyuta ile kwa kishindo mapajani mwa kijana, akatoka nje, akasimama uani peke yake. Kwa miaka thelathini na miwili aliwaonesha vijana namna sumu inavyochanganywa, hatua kwa hatua, na chaki mkononi, akidhani anawapa dawa.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye ofisi ile. Bango la picha ile lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa kioo, kubwa kama mlango wenyewe, na watu wawili walikuwa wamesimama mbele yake wanacheka. Mwenye ofisi aliitwa Khalaf, mtu mnene, mpole wa maneno. Alimkaribisha kwa Kiarabu chenye heshima zote, akamwita ustadha, yaani mwalimu, akamsogezea tende na kahawa. Fawziya hakugusa.

"Liondoe lile," alisema.

"Ustadha, mtu akicheka huingia ndani. Ndiyo kazi ya tangazo."

"Yule ni mtu. Anaishi nyumbani kwangu. Ana jina."

"Si mtu yeyote. Ni picha tu."

"Ana alama chini ya jicho!"

"Wangapi wana alama chini ya jicho?" Khalaf alijimiminia kahawa yake polepole. "Na kama ni yule ninayemdhani, ustadha, ulimpata kwangu. Umesahau? Uliketi kiti hicho hicho. Uliniuliza, huyu hatatoroka? Mara mbili uliniuliza. Nikakwambia, shika pasipoti yake. Ukasema, sawa."

Fawziya aliinuka, akaenda mlangoni, akaliparua bango kwa kucha kutoka kwenye kioo, likichanika vipande vipande, watu wa barabarani wamesimama wanamtazama mwalimu mzima amepandwa na wazimu. Khalaf hakumzuia. Alimwacha amalize, kisha akasema kwa upole uleule, "Ninayo mengine mia, ustadha." Na kweli, alipokuwa akiwasha gari, alimwona mfanyakazi wake anatoka na jengine limekunjwa mkononi.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akijibu maneno ya Khalaf kwa sauti, ndani ya gari, peke yake. Alimtukana kwa Kiarabu, na Kiarabu kilipomwishia akamtukana kwa Kiswahili cha Malindi, matusi ambayo hakuyatia mdomoni tangu utotoni. Lakini lile la pasipoti hakulijibu. Alilizunguka. Na katika kulizunguka akapata fikra iliyompoza roho: ataitundika picha ile ukumbini kule Nizwa, baada ya Waairishi, iwe ya kumi na tatu. Wanafunzi, wakubwa wa chuo, waandishi wa magazeti, wote waione. Waone kwamba lile taya halikubaki London wala Kanada, limefika Ibra. Alipofika nyumbani aliingia jikoni hata viatu hajavua, akamwambia Mwanamboka fikra hiyo kwa kasi na fahari, kama anayeleta zawadi.

Mwanamboka alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Utanitundika," alisema.

"Sikutundiki wewe. Natundika ubaya wao."

"Sura ya nani itakayokuwa ukutani? Yao?"

"Mwanamboka, watu lazima waone—"

"Wameshaniona! Sur wameniona, Sohar wameniona, leo unataka na Nizwa wanione, wasimame na vikombe vya kahawa, waseme masikini. Mie sitaki masikini yao. Sitaki!" Akalisukuma sinia, mchele ukamwagika mezani. Fawziya hakuwahi kumsikia akipandisha sauti katika nyumba ile. "Na hiyo picha yenyewe inasema navuka mpaka. Nauliza mie, Bi Fawziya, mpaka nitauvuka na nini? Pasipoti yangu imo kabatini mwako."

Fawziya alijua sheria ya nchi hairuhusu. Alijua tangu mwaka wa kwanza. Alijiambia ni kwa usalama tu, isije ikapotea, na kila alipofungua kabati lile aliisogeza pembeni ili apate kutoa hati ya nyumba au picha za zamani za Unguja, akalifunga tena. Alikwenda chumbani, akaitoa, akarudi nayo. Mikononi mwake ilikuwa nyepesi mno. Mwanamboka aliipokea, akaifungua, akaitazama sura yake mwenyewe iliyomo, ile ya kweli, kisha akaitia ndani ya kifua cha nguo yake.

"Nataka kwenda zangu kwetu," alisema.

"Kwa ajili ya picha ya mtoto mpumbavu?"

"Si kwa ajili ya picha. Mtoto mpumbavu ni mtoto mpumbavu, ntamsamehe au sintamsamehe. Nilikuletea simu uone nilivyofanywa. Wewe ukaangalia mkono uliochora. Ukaikuza, ukaikuza tena. Nimesimama pale mbele yako, hukunyanyua macho kunitazama hata mara moja."

Fawziya aliketi, akaanza kuukusanya mchele uliomwagika mezani.

Mwanamboka alitaka jambo moja kabla hajaondoka. Alitaka Hood asimame mbele ya Bi Zuleha, amwoneshe picha ile, na amsomee maneno yake kwa Kiswahili, kwa sauti. Bi Zuleha alikuwa hajui lolote. Hood alikataa. Fawziya akamwambia kwamba atasoma, au ataikusanya mizigo yake leo hii atoke katika nyumba ile. Laasiri wakakusanyika barazani, bibi katika kigari chake, miguu imefunikwa shuka, Mwanamboka amesimama nyuma yake kama kawaida, mikono juu ya kigari.

Hood alisoma huku ameinamisha kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini maneno yalikuwa machache na hayakuwa na pa kujifichia. Bi Zuleha aliishika simu karibu na uso, akaitazama kwa muda mrefu. Tangu kiharusi, maneno yake yalitoka polepole, moja moja.

"Nyengine," alisema. "Mie naogeshwa na nani, Hood? Na nyengine?"

"Bibi, ilikuwa mzaha—"

"Kaa kitako. Chukua karatasi. Haya, nichore na mie."

"Bibi."

"Nichore! Pua yangu na yake, hebu tazama, ina tofauti gani? Mdomo wangu na wake? Skuli hapa Ibra walimcheka shangazi yako kwa mdomo huu huu, akija nyumbani kwangu ana kigugumizi kwa ghadhabu. Nitie hilo taya. Lifanye refu. Kisha nenda kanibandike mlangoni kwa Khalaf." Mkono wake mmoja uliobaki na nguvu ulikuwa ukipiga ubavu wa kigari. "Chora!"

Hood alishika kalamu. Alimtazama bibi yake, akaweka ncha ya kalamu karatasini, ikakaa pale pale mpaka wino ukafanya doa. Kisha akaanza kulia, kijana mzima mwenye ndevu, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mwanamboka alimtazama. Hakusema amemsamehe. Alikisukuma kigari kidogo kidogo, akamgeuza Bi Zuleha amkabili yeye, akampangusa mate pembeni mwa mdomo, akasema, "Basi Bibi, usijitie presha, jua limekufika, twende ndani."

Aliondoka siku kumi baadaye. Fawziya alimpeleka uwanja wa ndege wa Maskati mwenyewe, na katika mwendo wote ule walizungumza mara mbili tu: mara moja kuhusu dawa za Bi Zuleha, na mara moja kuhusu mafuta ya kumpaka mgongo. Kwenye mlango wa abiria Fawziya aliomba radhi. Alikuwa ameyapanga maneno vizuri tangu Ibra. Mwanamboka aliyasikiliza yote mpaka mwisho, akasema, "Haya, nimesikia," akavuta sanduku lake akaingia.

Maonyesho yalifunguliwa na picha kumi na mbili. Ya kumi na tatu haikuwapo. Fawziya alipopewa nafasi ya kusema, aliacha hotuba yake mezani. Aliwaambia waliohudhuria kwamba amewafundisha vijana wengi namna taya hili linavyochorwa, na hakuwafundisha hata mmoja namna ya kumtazama mwenye taya usoni, kwa sababu na yeye hakujua. Hakumtaja Hood, wala Khalaf, wala mwanamke yeyote wa Pemba. Watu walipiga makofi kwa adabu. Hasira ilimpanda tena kwa makofi yale, akatoka ukumbini kabla kahawa haijapitishwa.

Alipeleka mashtaka kwa wahusika, kuhusu bango. Alijibiwa kwamba litatazamwa. Khalaf alilibandua baada ya wiki sita, alipolichoka, akaweka jengine. Picha ya kwanza ilikuwa bado inazunguka katika simu za watu, na hata mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja wa Nizwa alimwonesha, akicheka, asijue anamwonesha nani.

Nyumbani hakuletwa mtu mwengine. Fawziya aliomba kustaafu kabla ya wakati, akarudi Ibra moja kwa moja, akajifunza kumuogesha mama yake akiwa na miaka hamsini na tisa. Mgongo ulimuuma. Alimtia sabuni machoni. "Mwanamboka akianza na mabega," Bi Zuleha humwambia. "Siyo hivyo. Mabega kwanza." Hood hakuchora tena matangazo. Alipata kazi ya kuchapa vibandiko vya maboksi ya tende, maandishi matupu, na kila jioni humnyanyua bibi yake kutoka kwenye kigari na kumlaza kitandani, bila ya kuambiwa.

Ijumaa Mwanamboka hupiga simu kutoka Wete. Humpigia Bi Zuleha, na hukaa kwenye simu saa nzima wakibishana habari za bokoboko, na nani kafa, na nani kaolewa. Fawziya huwa chumba cha pili. Huwasikia wakicheka. Kila wiki hungoja kuitwa aje aamkiane naye, na kila wiki simu hukatwa, na mama yake humwita aje amgeuze ubavu.